Kwa nini "rangi" nchini Marekani si rangi ya ngozi tu

Mwaka 2010, Rais Barack Obama alijaza fomu ya sensa kama Wamarekani wengine. Baba yake alikuwa Mjaluo kutoka Kenya, mama yake mzungu aliyezaliwa Kansas. Fomu ilimruhusu kuchagua rangi zaidi ya moja. Yeye alichagua moja: mweusi.

Huku kwetu angeulizwa kwanza kwao ni wapi na baba yake ni nani. Marekani swali la kwanza ni rangi, na jibu lake halitegemei ngozi peke yake. Katika makala haya tunaeleza jinsi sheria, mahakama na sensa zilivyoamua nani ni mweupe na nani ni mweusi, na jinsi uamuzi huo ulivyobadilika mara kwa mara.

Mstari ulichorwa na sheria

Mwaka 1662, koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Kwa Waingereza wa wakati huo ilikuwa kawaida mtoto kufuata upande wa baba. Faida ya sheria hiyo mpya ilikuwa wazi: mtoto aliyezaliwa na mwanamke mtumwa alikuwa mtumwa, hata kama baba yake ndiye bwana mwenye shamba.

Mwaka 1790, taifa likiwa bado changa, Bunge la Marekani liliamua kwamba mgeni anayeweza kupewa uraia ni "mtu mweupe aliye huru". Baada ya utumwa kukomeshwa, mwaka 1870 watu wenye asili ya Afrika waliongezwa. Waliotoka Asia walibaki nje.

Baadaye majimbo kadhaa yalifuata kanuni kwamba tone moja la damu ya Kiafrika linatosha kumfanya mtu awe mweusi. Homer Plessy wa Louisiana alikuwa na babu na bibi wakuu wanane, saba kati yao weupe. Mwaka 1892 alikamatwa kwa kukaa kwenye behewa la treni la weupe. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi yake.

Mahakama inaulizwa: mweupe ni nani?

Takao Ozawa, mzaliwa wa Japani, aliishi Marekani kwa miaka 20 kabla ya kuomba uraia. Wakati wa kesi ilielezwa kuwa ngozi za Wajapani wengi ni nyeupe kuliko za baadhi ya Wazungu. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ilimkatalia. Ilisema kuwa mweupe si suala la ngozi, bali ni kutoka katika kundi ambalo wataalamu wa zama hizo waliliita Kaukazi.

Miezi michache baadaye akaja Bhagat Singh Thind, Mhindi kutoka Punjab aliyekuwa ametumikia jeshi la Marekani. Wataalamu wale wale waliwahesabu watu wa kwao kuwa Kaukazi, kwa hiyo alidhani amekidhi sharti. Mwaka 1923 mahakama ile ile ilibadili kipimo. Safari hii ilisema cha kuangalia si maneno ya wataalamu, bali ni yule ambaye mtu wa kawaida humwona kuwa mweupe. Baada ya hukumu hiyo, Wahindi kadhaa waliokwisha kupewa uraia walinyang'anywa. Kizuizi cha rangi katika kuomba uraia kiliondolewa mwaka 1952.

Fomu nayo hubadilika

Katika sensa ya 1890, karani alitakiwa kutofautisha mweusi, chotara, mwenye robo ya damu nyeusi na mwenye sehemu moja ya nane. Sensa iliyofuata iliyafuta makundi hayo ya mchanganyiko. Mwaka 1930 "Mmeksiko" iliandikwa kuwa rangi. Mwaka 1940 ikaondolewa. Tangu mwaka 2000 mtu anaweza kuchagua zaidi ya rangi moja. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kundi jipya la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambao hadi hapo walihesabiwa kuwa weupe.

Watu hawakubadilika. Kilichobadilika ni kisanduku cha kutia alama.

Sayansi nayo haioni mpaka. Binadamu wote wanafanana kwa takriban asilimia 99.9 katika vinasaba, na tofauti za vinasaba ni nyingi zaidi miongoni mwa Waafrika wenyewe kuliko kwa watu wa mahali pengine popote.

Kama ni jambo la kutengenezwa, mbona linaumiza?

Mpaka wa shamba nao huwekwa na watu, lakini ukiuvuka utashtakiwa. Ndivyo ilivyo kwa rangi. Katika miaka ya 1930, ramani za serikali zilipaka wekundu mitaa ya weusi kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari. Familia zilizonyimwa mkopo hazikupata nyumba, na asiye na nyumba hana cha kuwarithisha watoto. Pengo hilo lipo hadi leo.

Waliotengwa nao walijenga makanisa, vyuo na vyama vyao. Kwa hiyo kwa wengi neno "mweusi" ni jina la historia yao, nao wanalitaja kwa fahari.

Mkimbizi Mkongo au mwanafunzi Mkenya anayefika huko leo hukutana na fomu hiyo hiyo. Nyumbani alijulikana kama Mbembe au Mkamba. Huko anaitwa mweusi, na historia ambayo hakuizaliwa nayo inaanza kumhusu.

Basi ukitusikia tukisema "Mmarekani mweusi" katika taarifa zetu, usifikirie ngozi tu. Fikiria pia sheria zilizompa mtu jina hilo, na alichopata au kunyimwa kwa sababu yake.