Saini na Irabu za Kisukuma

Lakiri ya barua ya karatasi haikujali lugha iliyomo ndani. Barua ya kompyuta sivyo. Kanuni za kuipeleka za mwaka 1982 zilikubali alama 128 tu. Zilikitosha Kiingereza na, kwa bahati, Kiswahili pia. Lakini Kisukuma, lugha ya Mwanza, kina irabu saba, na wataalamu huzibainisha mbili kwa kuandika ĩ na ũ. Kanuni za MIME za 1992 ndizo zilizofungua njia kwa herufi za namna hiyo.

Hapo saini ikaingia mashakani. Saini ya kidijitali, iliyobuniwa miaka ya 1970, haisomi maneno. Hupiga hesabu juu ya baiti zenyewe. Katika Unicode, ĩ yaweza kuandikwa kwa baiti mbili, au kwa i na kiwimbi chake, baiti tatu. Jicho halioni tofauti. Programu moja ikigeuza ilichoandika nyingine, mpokeaji huambiwa barua imechezewa, ingawa hakuna neno lililobadilika.

Kanuni za 1995 zikaamuru maandishi yavikwe kwanza zile alama 128, ndipo yatiwe saini, wala yasiguswe tena njiani. Tanzania iliitambua saini ya kielektroniki kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Basi mkataba wa pamba wa Magu, ukiandikwa Kisukuma, waweza kudhaniwa wa kughushi kwa ajili ya ũ moja.