Mto Tana na Deni la Shukrani: Tumetaja Wawili, Wengine Je?

Hebu tuanze na swali ambalo huku kwetu linaleta joto kuliko jua la Garsen saa nane mchana: je, sisi watu wa Tana River tuna deni la shukrani kwa wamishonari?

Kuna kambi mbili. Ya kwanza ni ya wazee wa kanisa. Ukigusa jina la mmishonari ni kama umegusa kaburi la babu yao. Shule ililetwa na wamishonari, dawa ililetwa na wamishonari, basi sisi kazi yetu ni kusema asante na kukaa kimya. Kambi ya pili ni ya vijana wenzangu. Wao washaamua kwamba Biblia ilitangulia na bunduki ikafuata, kwa hiyo hakuna cha shukrani hapo, tufunge mjadala.

Mimi nimekulia hapa Garsen, nyanya yangu ni Mpokomo, na kusema kweli nimechoka na kambi zote mbili. Si kwamba zinasema uongo. Shida ni kwamba zote zinamtazama mtu mmoja tu, yaani Mzungu. Huyu anamshukuru, yule anamlaumu, na aliyekuwa akipiga kafi kwenye mtumbwi haonekani na yeyote.

Ngoja tuingie kwenye historia yenyewe, halafu kila mtu apige hesabu yake.

Safari ya kuja Tana ilianzia mbali. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Ethiopia. Mombasa yenyewe haikuwa shida yake. Alikuwa anatafuta njia ya kuwafikia Waoromo kutoka upande wa kusini, wale ambao vitabu vya zamani vinawaita Wagala, jina ambalo ndugu zetu Waorma leo wanalihesabu kuwa tusi. Mwaka huohuo mkewe Rosine alijifungua, akafa kwa homa, na mtoto naye akafa. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Hata miezi minane hawajamaliza pwani.

Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanza kazi Rabai. Krapf baadaye aliondoka, lakini ndoto ya kuwafikia Waoromo hakuiacha. Aliwashawishi Wamethodisti wa Uingereza, wakatuma watu wao mwaka 1862, wakajenga Ribe, kule nyuma ya Mombasa. Mmoja wao alikuwa Thomas Wakefield, aliyekaa pwani hii kwa miaka mingi. Wakefield huyu ndiye aliyesukuma kazi mpaka Mto Tana, na katikati ya miaka ya 1880 misheni ikafunguliwa Golbanti. Yaani kile Krapf alichokitafuta miaka arobaini, kilitua hapa kwetu, mwendo mfupi tu kutoka Garsen.

Sasa, maisha ya kila siku ya mmishonari yalikuwaje? Hapa ndipo watu hudanganyana. Wengine wanawaza mtu amevaa kofia nyeupe, amesimama chini ya mwembe anahubiri, watu wameketi wanamsikiliza. Ukweli ni kwamba siku nyingi zilikwenda kwa mambo madogo. Maji yachemshwe. Paa lizibwe kabla ya mvua. Barua iandikwe leo, jibu lije baada ya miezi. Mke wa Wakefield, Rebecca, aliishi Ribe kuanzia 1870 na kuandika barua nyingi kwa watu wa kwao, na kumbukumbu zake zikachapishwa London mwaka 1876. Yeye mwenyewe hakuziona. Alikufa Ribe mwaka 1873, mwaka uleule aliomzika mwanawe mchanga.

Na homa! Watu wa siku hizo walikuwa hawajui kama malaria inaletwa na mbu. Ronald Ross alithibitisha uhusiano wa mbu na malaria mwaka 1897 kule India. Kabla ya hapo watu walilaumu hewa ya kinamasi. Sasa fikiria mgeni amekuja kukaa kwenye delta ya Tana, penye mbu wa kugawa na kubakisha, halafu anaamini adui yake ni harufu ya matope. Kwinini alikuwa nayo, lakini usiku analala wazi kama amealika karamu.

Sasa jiulize swali la kijinga kidogo: mtu wa namna hiyo, asiyejua mto, asiyejua lugha, anayetetemeka kwa homa wiki moja kati ya nne, aliishi vipi?

Jibu ni watu. Vitu vyake vilikuja kwa chombo cha baharini, kisha vikapandishwa mto kwa mtumbwi. Mwenye kujua mkondo uko wapi leo, kwa sababu jana ulikuwa pengine, ni Mpokomo. Mwenye kujua mahali mamba analala ni Mpokomo. Mchele na ndizi zilitoka kwenye mashamba ya kando ya mto. Maziwa yalitoka kwa Waorma. Maneno aliyofundishwa, moja baada ya moja, yalitoka vinywani mwa watu waliovumilia kumsikia akiyatamka vibaya. Hata wamishonari wenyewe hawakuwa Wazungu wote: katika misheni hii ya Wamethodisti alihudumu W. H. During, Mwafrika kutoka Sierra Leone. Wangapi wanamjua?

Tuje kwenye siku ambayo kila mzee wa Golbanti anaijua. Mei 1886, John Houghton na mkewe Annie walikuwa Golbanti. Wapiganaji wa Kimaasai, waliokuwa wakivamia kutafuta ng'ombe wa Waoromo, wakafika kijijini. Wale wenzi wawili wakauawa. Walizikwa Golbanti, na mpaka leo kanisa linawakumbuka. Habari zilifika Uingereza, watu wakalia, wakachanga, wakaomba.

Mimi siwanyimi machozi yao. Vijana wawili waliacha kwao, wakafia kwetu. Hilo ni jambo zito na anayelifanyia mzaha hana utu.

Lakini hawakufa peke yao. Wenyeji nao waliuawa siku hiyo. Majina ya Houghton tunayo, la mume na la mke, na tarehe, na kaburi. Majina ya wale wengine, nani anayo? Walikuwa na mama zao pia. Walikuwa wamekaa mahali palepale, kwa hatari ileile, tena wao hawakuwa na nauli ya kurudi Uingereza mambo yakiharibika. Kama kufa kwa ajili ya kazi ile ni sababu ya shukrani, basi shukrani hiyo tumeigawa vibaya.

Mwaka uliofuata, 1887, wakaja Wajerumani wa misheni ya Neukirchen. Kijana wao Ferdinand Würtz akawa mmoja wa waanzilishi wa kazi ya Ngao. Hawa Neukirchen walikuwa na mtindo wao: misheni yao ilianzishwa mwaka 1882 na mchungaji Ludwig Doll kwa msimamo kwamba hawataomba mtu pesa. Wataomba Mungu, na kinachokuja ndicho kitakacholiwa. Kwa watu wa namna hii shukrani ilikuwa kazi ya kila siku, manake kila mfuko wa chakula ulikuwa jibu la maombi.

Ni imani nzuri, na sina ugomvi nayo. Ila fuata ule mfuko. Pesa zikitoka Ujerumani, sawa, zinaandikwa kwenye ripoti na mtoaji anashukuriwa. Lakini mama wa Ngao akileta samaki jioni, samaki huyo anaandikwa chini ya jina la nani? Mungu alijibu, ndiyo. Alijibu kwa mkono wa nani?

Würtz alifanya kazi kubwa ya lugha. Mwaka 1895 msamiati wa Kipokomo alioukusanya ulichapishwa Ujerumani, na Maandiko yakaanza kusomwa kwa Kipokomo. Lugha yetu ina wasemaji wachache, na kuna lugha kubwa kuliko yetu ambazo ziliandikwa baadaye sana. Hapo nasema asante bila kubana sauti. Lakini kamusi haitoki kichwani mwa mgeni. Kila neno lililomo kuna mtu alilisema kwanza, akalirudia, akaeleza maana yake kwa kuonyesha kwa mkono. Jina kwenye jalada ni moja.

Najua wenzangu wa kambi ya pili wanasubiri. "Na ukoloni je?" Haya. Wajerumani wa Ngao walikuja wakati Ujerumani imeweka ulinzi wake Witu, hapo jirani, tangu 1885. Bendera na misheni zilipishana njia moja. Mwaka 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu kwa mkataba. Bendera ikaondoka, wamishonari wakabaki. Kwa hiyo si kweli kwamba ni kitu kimoja, na si kweli kwamba hawakujuana.

Na kuna ngadzi. Ile ngoma kuu ya Wapokomo, ambayo sauti yake ilikuwa ndiyo amri ya wazee, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo iko kwenye ghala la British Museum, London. Waliochukua walikuwa maafisa wa serikali, si wamishonari wa Ngao; tusichanganye mafaili. Lakini mtu akikwambia ushukuru kwa yaliyoletwa, una haki ya kuuliza yaliyobebwa yatarudi lini. Shukrani ya kweli haiogopi swali hilo.

Halafu kuna Isaac Nyondo. Mnamkumbuka Rebmann wa Rabai? Alikaa huku miaka 29 bila kurudi kwao, toka 1846 mpaka 1875, na mwishoni akawa kipofu. Aliporudi Ulaya, aliyemshika mkono njia nzima alikuwa Nyondo, kijana wa pwani hii. Mzee akafa Ujerumani mwaka 1876. Vitabu vinamsifu Rebmann kwa uvumilivu wa miaka 29, na anastahili. Lakini picha ya mmishonari kipofu anayeongozwa na Mwafrika ndiyo picha ya kazi yote hii. Ndivyo ilivyokuwa hata alipokuwa anaona.

Na si wageni peke yao wenye tabia hii ya kusahau. Wimbo wa taifa la Kenya, wa mwaka 1963, sauti yake imetoka kwenye wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo. Unaimbwa Kasarani, unaimbwa Olimpiki, watu wanashika vifua. Ni wangapi wanajua ni wimbo wa mama wa Tana anayemlaza mtoto? Kwa hiyo tusimnyooshee Mzungu kidole wakati sisi wenyewe tumeimba miaka yote hiyo bila kuuliza ni wa nani.

Sasa turudi kwenye swali. Tuna deni? Tunalo, na tunadai pia. Mmishonari aliyekaa, akaugua, akazika mtoto wake hapa, akajifunza lugha yetu, huyo asante yake ni halali. Lakini naye alikuwa mgeni aliyelishwa, aliyevushwa, aliyeuguzwa na watu wa hapa. Shukrani ya upande mmoja tu inakuwa unyenyekevu wa kulazimishwa. Na laana ya upande mmoja inafanya kosa lilelile: inawafuta babu zetu, kama kwamba walikuwa wamekaa tu ukingoni wakitazama.

Haya si mambo ya zamani tu. Mpaka leo wageni wanakuja Tana Delta kuhudumu, wa kanisa na wa mashirika. Picha inapigwa, mgeni katikati, maelezo chini yana jina lake na nchi yake. Mkalimani hana jina. Mama aliyepika hana jina. Dereva wa boti aliyewavusha wakati wa mafuriko ni "wenyeji". Sisi tunaotengeneza video ndio tunaoandika maelezo hayo siku hizi. Tuandike majina, yote. Haigharimu hata bando.

Na kuna haraka. Mto huu hauna subira: unahama, unakula kingo, na kila mafuriko makubwa yanaondoka na nyumba na makaratasi yaliyokuwa ndani. Wazee nao wanaondoka. Kuna mtu Ngao, Golbanti, Tarasaa au Idsowe ambaye babu yake alipiga kafi, alipika, au alifundisha mgeni neno la kwanza la Kipokomo au la Kiorma. Kama ni wa kwenu, nenda na simu wikendi hii. Muulize jina kamili, la babu na la baba wa babu, na kijiji. Uliandike.