Kinachoachwa kinuni: Nafaka iliyokobolewa na ongezeko la kisukari

MADAKTARI waliohudumu Afrika Mashariki katikati ya karne ya 20 walikumbana na jambo lililowashangaza. Maradhi yaliyojaza wadi za hospitali za Uingereza, yakiwemo kisukari cha watu wazima, unene wa kupindukia na ugonjwa wa mishipa ya moyo, yalikuwa nadra sana miongoni mwa wenyeji wa hapa. Hugh Trowell, aliyewasili Kenya mwaka wa 1929 na baadaye kufanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Uganda, alikuwa mmoja wao. Mnamo 1956, yeye na mwenzake waliona kwamba mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo alistahili kuandikiwa makala katika jarida la udaktari la kanda hii.

Leo makala ya aina hiyo isingemshangaza yeyote. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliopita kiasi, na kwamba zaidi ya asilimia 90 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa.

Trowell na mwenzake wa Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, walitoa jibu baada ya kurejea Uingereza. Katika kitabu walichohariri pamoja mnamo 1975, walidai kwamba kiini cha maradhi hayo ni vyakula vya wanga vilivyoondolewa nyuzinyuzi, yaani unga mweupe na sukari. Hoja yao ilikuwa na mapengo. Watu waliowachunguza walilima kwa jembe la mkono na kutembea masafa marefu, na wengi wao walifariki kabla ya kufikia umri ambao maradhi haya hujitokeza. Isitoshe, kisukari kisichopimwa hakiingii kwenye rekodi za hospitali. Hata hivyo, uchunguzi uliofuata umewaunga mkono katika jambo la msingi.

Ili kulielewa, ni vyema kuitazama punje ya mahindi. Nje ina ganda lenye nyuzinyuzi. Upande wa chini kuna kiini, sehemu inayochipuka, ambayo imehifadhi mafuta, vitamini na madini kama magnesi. Sehemu kubwa iliyosalia ni wanga. Kinu cha kiwandani hukoboa ganda na kiini, kisha kikasaga wanga pekee. Wenye viwanda wana sababu yao: mafuta ya kiini huufanya unga kuchacha upesi, ilhali unga mweupe hukaa dukani kwa miezi. Mlaji naye ameuzoea weupe huo kiasi cha kuuhesabu kuwa dalili ya maendeleo. Ganda na kiini huishia kwenye chakula cha mifugo, na haitakuwa chumvi nyingi kusema kwamba katika biashara hii ng'ombe ndiye aliyepata fungu bora.

Tangu 2012, sheria ya Kenya imewataka wasagaji wa unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti kuuongeza vitamini na madini, yakiwemo chuma na zinki. Hatua hiyo ina manufaa makubwa, hasa kwa wajawazito na watoto. Lakini haikurejesha nyuzinyuzi. Gramu 100 za unga wa mahindi usiokobolewa huwa na takriban gramu 7 za nyuzinyuzi. Katika unga uliokobolewa hubaki nusu ya kiasi hicho au chini yake.

Tofauti hiyo huanza kuonekana mara tu baada ya mlo. Wanga unapomeng'enywa hugeuka kuwa sukari na kuingia damuni. Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo huziwezesha chembechembe za mwili kuipokea sukari hiyo. Wanga usio na kizuizi humeng'enywa kwa kasi, sukari ikapanda ghafla, na kongosho likalazimika kutoa insulini kwa wingi. Mtu anapoendelea kula zaidi ya anachotumia, mafuta hujilundika tumboni na ndani ya ini, misuli na ini vikaacha kuiitikia insulini ipasavyo, na kongosho likaongeza bidii hadi likachoka. Hapo ndipo kisukari cha aina ya pili hubisha hodi, aghalabu kikiandamana na shinikizo la damu.

Baadhi ya nyuzinyuzi, mathalan zile za maharagwe na shayiri, hufanya uteute tumboni unaochelewesha sukari kuingia damuni. Nyingine hufika katika utumbo mpana zikiwa hazijameng'enywa. Humo bakteria huzichachusha na kutoa asidi ambazo hulisha ukuta wa utumbo na, kwa kadiri inavyojulikana, husaidia kutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani unaoudhoofisha utendaji wa insulini. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba watu wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi hupatwa na kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko wanaokula kidogo, na kwamba manufaa yalikuwa makubwa kwa wanaofikisha gramu 25 hadi 29 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 kwa mtu mzima.

Ushahidi wa karibu zaidi nasi ulichapishwa mwaka wa 2025. Watafiti wa Moshi, Tanzania, na wenzao wa Uholanzi waliwashirikisha wanaume 77 wa eneo la Kilimanjaro. Baadhi ya wenyeji wa mashambani walilishwa vyakula vya kimagharibi kwa majuma mawili, nao baadhi ya wakazi wa mjini wakarejeshewa vyakula vya asili kama ndizi, maharagwe, wimbi na mboga. Damu ya kundi la kwanza ilionyesha dalili za kuongezeka kwa uvimbe wa ndani. Ya kundi la pili ilielekea kinyume, na baadhi ya mabadiliko yalidumu hata majuma manne baada ya jaribio. Ni kweli kwamba jaribio lilikuwa fupi na halikuwahusisha wanawake. Bado, ni nadra kupata jaribio la namna hiyo juu ya sahani zetu wenyewe.

Inafaa kutahadharisha kuhusu imani moja iliyoenea: kwamba mgonjwa wa kisukari akishaacha ugali mweupe anaweza kula wa wimbi apendavyo. Nafaka yoyote iliyosagwa ikawa laini humeng'enywa upesi kuliko punje nzima, na ukubwa wa ugali una uzito sawa na rangi yake. Katika hili githeri inaushinda ugali wa kila aina, kwa kuwa punje ni nzima na kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi. Muthokoi wa Ukambani, unaopendwa kwa ulaini wake, hupoteza sehemu ya sifa hiyo kwa sababu mahindi yake hukobolewa. Managu, terere na kunde huongeza nyuzinyuzi na potasiamu bila kuongeza sukari, mradi maji yaliyozichemsha yasimwagwe.

Unga usiokobolewa nao una hatari yake. Sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, na kupika hakuiondoi. Anayepeleka mahindi kwenye mashine ya kusagia mtaani sharti ahakikishe yamekauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kuzitupa punje zilizobadilika rangi.

Mgonjwa anayetumia insulini au tembe za kushusha sukari asipunguze wanga ghafla kabla ya kumwona daktari, kwani dawa ya kiwango kilekile inaweza kuishusha sukari hadi akatetemeka, akatokwa jasho na hata kuzirai. Mwenye figo dhaifu pia anahitaji ushauri wa mtaalamu wa lishe, kwa sababu maharagwe, ndizi na mboga za majani zina potasiamu nyingi ambayo figo zake huenda zikashindwa kuitoa.