Pim na Siwindhe Yake: Habari za Nyumba za Malezi, Zamani na Sasa



Ni desturi taarifa ya mwaka ieleze kwanza fedha zilizoingia na zilizotoka. Hesabu hizo zina mahali pake. Lakini ziko hesabu nyingine ambazo mweka hazina hawezi kuziandika kitabuni mwake: wajane walioachwa peke yao, wazee wasio na wa kuwawashia moto, na watoto waliofiwa na wazazi wangali wadogo. Hapa Katito, penye njia panda ya Ahero, Sondu na Kendu Bay, watu hao tunawajua kwa majina. Kila wanapotajwa mkutanoni huzuka swali: je, yafaa tuwajengee nyumba ya pamoja? Kabla ya kujibu, na tuwaulize waliotutangulia, kwa maana nyumba ya namna hiyo walikuwa nayo.

Wajaluo waliiita siwindhe, na mwenyeji wake aliitwa pim. Pim alikuwa mama mzee aliyepita umri wa kuzaa, mara nyingi mjane, na mara nyingi hakuwa wa ukoo wa boma aliloishi. Watoto walioachishwa ziwa walipelekwa kulala kwake. Wavulana walipokua walihamia simba, nyumba ya vijana wanaume. Wasichana walikaa naye mpaka karibu na kuolewa. Usiku pim aliwafundisha vitendawili, ngano na methali, habari za koo za karibu na za mbali, na adabu ya kuishi na watu. Mwanahistoria David William Cohen, katika makala yake ya mwaka 1985, alionyesha kwamba anayetaka kuijua historia ya Wajaluo asikae barazani pa wazee wanaume tu. Hana budi kusimama pia mlangoni pa pim.

Tulitazame vema jambo hili. Pim hakuwa mtumishi wala mwombaji. Watoto walitoka kwa mama zao na chakula, wakakila pamoja naye. Yeye akawapa maarifa yake na ulinzi wake. Mama ambaye kwa kufiwa na kwa uzee angeweza kuhesabiwa kuwa si kitu, alipata jina la heshima, na sauti za watoto usiku kucha. Waliolelewa ni watoto, na mlezi naye alilelewa. Hiyo ndiyo siri ya siwindhe.

Katika karne ya 20 siwindhe zilififia. Shule zilichukua kazi ya kufundisha, na kodi na kazi za mshahara zikawatoa watu nyumbani kwenda mijini na mashambani mwa walowezi. Kisha likaja jaribu kubwa. UKIMWI ulitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984, na mwezi wa Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi akautangaza kuwa janga la taifa. Nyanza iliumia kupita sehemu nyingine za nchi. Mabibi waliozika wana wao walijikuta wakilea wajukuu. Wakawa pim kwa mara ya pili, lakini bila boma la kuwaletea chakula.

Wengine waliliona jambo hilo wakalitafutia dawa. Mwaka 2006 kijiji cha Nyumbani kilianzishwa huko Kitui kwa juhudi za Padre Angelo D'Agostino, Mjesuti aliyekuwa pia daktari. Huko yatima hawalali katika bweni. Watoto wapatao kumi hukaa nyumba moja na bibi au babu, ambaye naye amepoteza wanawe. Misiba miwili imewekwa chini ya paa moja, na kila mmoja humshika mwenziwe mkono.

Habari iliyo nzito zaidi ni ya Burundi. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikawaka moto. Siku tatu baadaye, mjini Ruyigi, Marguerite Barankitse, ambaye ni Mtutsi, alikuwa amewaficha Wahutu katika nyumba ya askofu. Wauaji walimfunga, wakawaua watu 72 mbele ya macho yake. Aliokoa watoto 25. Mwanamke aliyeona mambo hayo angeweza kunyamaza mpaka kufa kwake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini watoto wale walikuwa na njaa asubuhi yake. Aliwatafutia chakula na mahali pa kulala, na kutoka hapo ikatokea Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani, iliyopokea watoto wa Kihutu na wa Kitutsi bila kubagua. Baadaye hakuridhika na nyumba moja kubwa. Aliwapa watoto nyumba ndogo ndogo, waishi kama ndugu. Mwaka 2008 hospitali ya Rema ilifunguliwa Ruyigi. Mwaka 2015 alilazimika kukimbilia Rwanda, na huko akaanza tena kuwahudumia wakimbizi. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Aurora. Jeraha lake halikufutika, lakini lilipata kazi ya kufanya.

Yatupasa, hata hivyo, kusema kweli yote. Kulea si dawa ya bure. Aliyefiwa akiachiwa nyumba nzima peke yake atachoka, na uchungu wake utawaangukia watoto. Nyumba inayosimama juu ya mtu mmoja huanguka siku anayoanguka yeye. Tena sheria imebadilika: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, pamoja na mpango wa serikali wa mwaka 2022 hadi 2032, yataka mtoto alelewe katika familia kwanza, na taasisi ziwe njia ya mwisho. Wengine wameiona sheria hiyo kuwa kikwazo. Kwa maoni yetu, yaturudisha mlangoni pa pim, aliyeishi ndani ya boma, mbele ya macho ya watu wote.

Basi, fedha zikipatikana, tusikimbilie kujenga ukumbi mrefu wenye vitanda vingi na ubao wa jina barabarani. Na tumtafute kwanza mjane ambaye mlango wake umenyamaza, tumwulize kama yuko radhi. Akikubali, tumtengenezee paa, tumpe msaidizi, tumletee chakula bila kungoja aombe, na hesabu zake zisomwe hadharani kila mwaka katika kitabu hiki. Pim hakuwahi kulea peke yake; boma zima lilimlisha. Sehemu hiyo ya kazi ndiyo iliyo yetu.