Dirisha jipya linavuja: fundi anawajibika kwa lipi?

Kila mvua za vuli zinapoanza, wasikilizaji wetu wa Kahama, Katoro na Geita mjini hutuuliza jambo lile lile: dirisha la alumini halina hata mwaka, maji yanaingia sebuleni, na fundi hapokei simu. Je, mteja ana haki kama hawakuandikishana?

Anayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua pia makubaliano ya mdomo. Ugumu uko kwenye kuthibitisha, kwa hiyo usifute ujumbe wa simu wala muamala wa kianzio.

Jiulize kwanza nani alinunua vifaa. Kama fundi alikuuzia dirisha zima na kulifunga, vyote viwili ni juu yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo uliyopewa. Mkikubaliana kioo cha milimita 5 akaleta cha 4, unaweza kukikataa. Ukinunua vifaa mwenyewe na kumlipa pesa ya ufundi tu, kioo chembamba ni kesi yako na duka (hapo risiti ina kazi), ila uvujaji wa ufungaji mbovu unabaki kwa fundi.

Geita kuna la ziada. Wakazi wa Katoma na Nyamalembo, jirani na mgodi wa GGM, wamelalamikia kwa miaka mingi nyufa wanazohusisha na ulipuaji wa miamba. Basi kioo kikipasuka, fundi husema ni baruti. Huenda ni kweli. Lakini baruti haizibi vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini, wala haiondoi silikoni ambayo haikupakwa. Piga picha sehemu hizo kabla hazijaguswa. Sisi tungemwagia dirisha ndoo ya maji kwa nje, fundi akiwepo, kabla ya kumalizia malipo.

Kasoro ikionekana, mwandikie arekebishe na umpe tarehe. Akigoma, pata makadirio ya fundi mwingine. Hayo ndiyo msingi wa dai lako. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinatoa fidia, ila huangaliwa pia ulifanya nini kupunguza hasara. Sofa uliyoiacha ilowe msimu mzima ni vigumu kumbebesha fundi.

Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwapatanisha, lakini hana mamlaka ya kumlazimisha mtu alipe. Dai dogo la namna hii hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako unaweza kujieleza bila wakili. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, ingawa fundi aliye Katoro leo, machimbo yakihama, mwakani utamtafutia Chunya.