Rangi ya Gari na Kiraka Chake: Habari za Kimamba na Njia ya Mikumi

Katika mji mdogo wa Kimamba, wilaya ya Kilosa, kama katika miji mingine mingi ya Tanzania, si ajabu kuona gari jeupe ambalo mlango wake mmoja ni mweupe kwa namna nyingine. Mlango huo si mchafu, wala haukupakwa rangi yenye jina tofauti. Mwenye gari yu tayari kuapa kwamba alinunua rangi ile ile iliyoandikwa katika kibati cha gari lake. Lakini jua la alasiri likiupiga ubavu wa gari, kiraka hujitokeza, na kila apitaye hujua kwamba gari hilo liliwahi kugongwa. Jambo hili kwa kawaida humalizwa kwa lawama. Mwenye gari humwita fundi mwongo, fundi naye humtupia lawama muuza rangi. Lakini likichunguzwa kwa njia ya historia, hudhihirika kwamba halikuanzia katika gereji. Lilianza zamani, pale kazi ya kutengeneza rangi ilipotengwa na kazi ya kuipaka.

Kimamba ni mji wa reli na wa mkonge. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914; na Kimamba ikawa mojawapo ya stesheni zake kati ya Morogoro na Kilosa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wenye viwanda vya nguo wa Ujerumani walijaribu kulima pamba katika nchi ya Kilosa. Zao lililodumu zaidi, hata hivyo, lilikuwa mkonge, ambao Dakta Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, na katika miche aliyoiagiza ni 62 tu iliyosalimika. Mashamba ya mkonge, ambayo mengi ya upande huu yalishikwa baadaye na Wagiriki, hayakuweza kwenda bila chuma. Palikuwa na korona za kusinga majani, reli ndogo za matoroli, na malori ya kupeleka robota stesheni. Kwa hiyo kazi ya kunyoosha bati, kuchomelea na kupaka haikuwa ngeni kwa watu wa mahali hapa. Lakini rangi ya mashine ilikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kuzuia kutu. Toroli likipakwa upande mmoja kwa rangi mpya, hapakuwa na hasara yoyote kama upande wa pili umepauka.

Ama magari ya kwanza ya Ulaya na Marekani, yalipakwa kama yalivyopakwa magari ya farasi, yaani kwa brashi, rangi ya mafuta na vanishi, tabaka juu ya tabaka, na kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa. Fundi aliyejua kazi hiyo alijua pia kuchanganya rangi. Gari lilipoharibika, alilitazama, akachanganya, akajaribu juu ya kipande cha ubao, akaongeza weusi au wekundu mpaka jicho lake liridhike. Kampuni ya Ford ilijiepusha na taabu hiyo kwa njia yake, kwani tangu mwaka 1914 hata 1925 ilitoa gari lake la Model T kwa rangi nyeusi tu.

Mageuzi makubwa yalikuja katika miaka ya 1923 na 1924, kampuni ya DuPont ilipotoa rangi iliyoitwa Duco, na General Motors ikaitumia katika magari yake ya Oakland. Rangi hiyo ilipulizwa kwa hewa, ikakauka kwa saa chache badala ya wiki nyingi. Asili yake ilikuwa nyuzi za pamba zilizotiwa asidi ya naitriki, jamaa wa karibu wa zile zilizotumika kutengenezea baruti isiyo na moshi. Tangu hapo kiwanda kiliweza kutoa magari ya rangi nyingi kwa haraka, na wanunuzi wakazoea kuchagua. Wakati huo huo elimu ya kupima rangi iliendelea. Albert Munsell wa Marekani alikwisha kutoa utaratibu wake wa kuzipanga rangi mwaka 1905, na mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga ikakubali njia ya kuieleza rangi kwa hesabu. Rangi sasa ikawa na namba. Aliyeitengeneza alikuwa mbali, na aliyeitengeneza upya baada ya ajali hakuwa tena na uhuru wa kuchanganya alivyotaka. Alipewa namba, akapewa kopo.

Katika Tanganyika taabu hiyo haikuonekana mara moja, kwa sababu rangi za magari zilikuwa chache. Land Rover, iliyotolewa Uingereza mwaka 1948 na kuenea upesi katika kazi za serikali na za mashamba, ilikuwa ya kijani peke yake katika miaka yake ya mwanzo. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, haikushikwa na kutu, nayo ilistahimili kugongwa na kunyooshwa. Mtu aliyekuwa na kopo la kijani hakupata shida ya kuulizwa ni kijani kipi. Hata hivyo jua halikuchagua gari. Boneti iliyokaa juani miaka mitano ilikuwa imekwisha kuacha rangi yake ya kwanza, na kiraka kipya kilionekana juu yake.

Baadaye nchi ilibadilika. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwaka huo huo serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Bei ya mkonge ikashuka, na nyuzi za plastiki zikaushinda sokoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, fedha za kigeni zilikuwa haba na bidhaa za viwandani zikawa adimu. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na katika miaka iliyofuata magari yaliyokwisha kutumika Japani yakawa mengi barabarani. Magari hayo yalikuja na kibati chenye namba ya rangi. Katika magari ya Toyota, kwa mfano, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Mwenye gari akiiona namba hiyo hudhani kwamba jibu limepatikana.

Kosa limo humo. Namba hueleza rangi ilivyokuwa siku gari lilipotoka kiwandani. Haielezi miaka ambayo gari lilikaa juani Japani, wala miaka ambayo lilipita katika vumbi la kiangazi na tope la masika baina ya Kilosa na Mikumi. Mwanga wa jua huvunjavunja rangi na gamba lake la juu. Nyeupe huweza kuingia umanjano, nyekundu hupauka. Juu ya hayo, hata kiwandani rangi ya namba moja haitoki sawa kabisa kila mara, na kwa sababu hiyo wachanganyaji wa rangi huwa na namna kadhaa za namba ile ile.

Rangi zenye chembe za chuma zimezidisha uzito wa jambo hili. Chembe hizo hung'aa kwa kadiri zilivyolala. Rangi ikipulizwa ikiwa nyevu, chembe hutulia na rangi huelekea weusi. Ikipulizwa kavu, huelekea weupe. Sasa mtu afikiri juu ya fundi anayefanya kazi chini ya mwembe wakati wa joto: thina huruka kabla rangi haijatua juu ya bati, na rangi iliyo sahihi ndani ya kopo hugeuka kuwa si sahihi juu ya mlango. Tena, rangi mbili huweza kulingana chini ya taa na kuachana zikitolewa nje juani. Na rangi nyepesi, khasa nyekundu na ya manjano, huonyesha kilicho chini yake, puti na praima zikiwa za namna nyingine.

Kazi ya namna hii haikosekani katika nchi hii. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, na wanyama huvuka usiku na mchana. Gari likigonga nyati au swala, na abiria wakasalimika, hubaki madigadi, boneti na bampa vya kunyooshwa na kupakwa. Gari zima haliwezi kupakwa kwa ajili ya madigadi moja, maana gharama yake ni kubwa. Na madigadi moja haiwezi kupakwa peke yake bila hatari ya kiraka.

Mafundi wenye busara wana njia yao, nayo inafanana sana na ile ya fundi wa brashi wa zamani. Kwanza husafisha na kung'arisha sehemu iliyo jirani, ili waondoe tabaka lililopauka na kuona rangi ya kweli. Hutafuta rangi isiyoonwa na jua ndani ya mlango au chini ya kifuniko cha tangi, si ili waifuate, bali wajue gari limekwenda umbali gani kutoka rangi yake ya asili. Hupuliza kwanza juu ya kipande cha bati, wakakiacha kikauke, kisha wakakiweka ubavuni mwa gari nje juani na kukitazama kwa mbele na kwa upande. Mwisho hawakomei kwenye ukingo wa mlango. Huiachia rangi ififie polepole juu ya sehemu ya pili, halafu hupiga klia juu ya sehemu zote mbili, jicho lisipate mstari wa kushika.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi juu ya jambo hili. Sifa za asili za rangi ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi zilitajwa kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa bizari. Aliyetaja rangi alielekeza kidole kwenye kitu kilichoonekana na wote wawili. Namba ya kiwanda ina faida kubwa, kwani bila hiyo fundi wa Kimamba asingejua aanzie wapi. Lakini kitu cha kulinganishwa ni gari lililosimama mbele yake, pamoja na umri wake.

Kwa hiyo hukumu ya kiraka yapasa igawanywe kwa haki. Fundi aliyefungua kopo na kupuliza bila kujaribu ana lawama. Mwenye gari aliyekataa kulipia rangi ya sehemu ya jirani, kisha akadai mlango usionekane, naye ana fungu lake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; na mara nyingi gari lenye kiraka hupelekwa kupakwa upya siku chache kabla ya kuuzwa. Hapo ulinganifu wa rangi huacha kuwa suala la uzuri. Mnunuzi husoma ubavu wa gari kama mtu asomavyo hati, akitafuta mahali palipogongwa. Fundi aliyeifanya kazi yake vizuri amekwisha kuifuta alama hiyo, na baada ya hapo mwenye gari ndiye aliyebaki na wajibu wa kusema kwa mdomo kile ambacho bati halisemi tena.