Elimu Iliyoingia kwa Mlango wa Hospitali

Tukisikia neno chuo kikuu huwa tunafikiria kwanza kumbi za masomo na maktaba. Katika nchi yetu, elimu ya chuo kikuu iliingia kwa mlango wa hospitali.

Mwaka 1926, maprofesa wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, Fernand Malengreau akiwa mmoja wao, waliunda shirika la tiba lililojulikana kwa jina la FOMULAC. Walianzia Kisantu, kwenye misioni ya Mapadre Wajesuiti. Hapo, pamoja na hospitali, walifundishwa wauguzi, na baadaye wasaidizi wa madaktari. Mwanafunzi hakuujua ugonjwa kwa kitabu tu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa karibu na darasa lake. Kwetu Kivu, hospitali ya Katana ingali inaitwa FOMULAC hadi leo. Na kutokana na kazi zilizoanzishwa Kisantu kilichipuka Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa mwaka 1954.

Hata hivyo, historia hii ina kivuli chake. Utawala wa kikoloni ulimruhusu Mkongomani kuwa muuguzi au msaidizi, lakini mlango wa udaktari ulibaki umefungwa kwa muda mrefu. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru bila daktari mzalendo. Madaktari wengi wa Kibelgiji walipoondoka, wauguzi na wasaidizi ndio waliobaki na wagonjwa. Kisha Shirika la Afya Duniani liliwapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa kukamilisha masomo, wakawa madaktari. Uwezo walikuwa nao tangu zamani, walikosa nafasi.

Basi tunajifunza mambo mawili. Kwanza, shule ya uuguzi isiyo na hospitali hutoa diploma, haitoi muuguzi. Mkono hujifunza kwa kugusa, na jicho kwa kukesha. Pili, ushirikiano wa haki haumweki mtu chini daima. Humwinua hadi mahali kipawa chake kinapofika.

Tumkumbuke Msamaria mwema. Alifunga majeraha kwa mikono yake, kisha akafanya mapatano na mwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Huruma yake ilihitaji nyumba na mwenzi wa kazi.

Leo wengi wenu mnaingia shule za ITM na ISTM, na wazazi wanauza mbuzi au shamba ili walipe karo. Kabla ya kulipa, ulizeni: tutafanya staji katika hospitali gani? Nani atasimama kando yetu mbele ya mgonjwa? Wanafunzi wangapi watazunguka kitanda kimoja? Kuuliza hivyo ni kumheshimu mgonjwa ambaye kesho ataweka uhai wake mikononi mwenu.